Kula faida, usile mtaji: nilivyomsoma Leontyne Price nikiwa mwalimu wa kwaya

Ukitaja opera, ule mchezo wa jukwaani wa kuimbwa, mbele ya wanakwaya wangu wanaanza kuigiza, mmoja anatoa macho, mwingine anashika kifua na kupiga ukelele kama amekanyagwa mguu, basi mazoezi yanaharibika dakika kumi. Siwalaumu. Mi mwenyewe nilianza kusikiliza kwa sababu ya ubishi tu, jamaa mmoja wa sauti ya nne aliniambia mtu mweusi hawezi kuimba vile, koo letu limeumbwa kwa pambio na ngoma, nikaenda kutafuta mtu wa kumnyamazisha nikampata Leontyne Price, mwimbaji mweusi wa opera. Jamaa alinyamaza siku hiyo hiyo. Mimi ndo nikaendelea, na leo naweza kusema yule mama Mmarekani, ambaye sijawahi kumtia machoni, amenifundisha kutunza sauti kuliko semina zote za walimu wa kwaya nilizokaa nikanywa soda na kurudi na cheti.

Kazaliwa Laurel, Mississippi, tarehe 10 Februari 1927. Baba kiwanda cha mbao, mama mkunga na tena sauti nzuri kwenye kwaya ya kanisa lao la Methodisti. Mpaka hapo ni mtoto yeyote wa kwaya zetu, kasoro ubaguzi wa Mississippi ya wakati ule ambao sisi tunausoma tu. Mtoto kaonyesha kupenda kinanda, wazazi wakatoa gramafoni ya nyumbani iwe malipo ya kwanza ya piano. Hiyo nikiwahadithia wazazi wa Mbagala wanaelewa haraka sana, maana kuna mzazi kauza redio yake mtoto aingie sekondari na hakutaka hata kusifiwa.

Akiwa bado mtoto kapelekwa Jackson kumsikiliza Marian Anderson. Huyu Marian ndo yule mwimbaji mweusi aliyenyimwa ukumbi Washington mwaka 1939 akaenda kuimba nje, mbele ya sanamu ya Lincoln, watu kama 75,000 wamejaa. Mshike huyo Marian, nitamrudia, kuna hesabu yake moja inaniuma mpaka kesho.

Leontyne alienda chuo kule Ohio kusomea ualimu wa muziki. Ndio, ualimu! Alitaka kuwa kama mimi, sema Mungu akamwepusha. Wenyewe chuoni wakaona hii sauti si ya kufundishia watoto ubaoni tu, akamaliza 1948 akaingia Juilliard, chuo cha muziki New York. Ada ilipatikana kwa kuungaunga, Paul Robeson, mwimbaji mweusi maarufu, alimfanyia onyesho la kumchangia, na kuna familia moja ya wazungu wenye pesa kule kwao Laurel, akina Chisholm, ambao aunti yake alikuwa anafanya kazi nyumbani kwao, nao wakashika sehemu kubwa. Nawaambia hivi wale wanaosema fulani katoka mwenyewe bila msaada wa mtu, hamna kitu kama hicho kwenye muziki.

Juilliard akapata mwalimu anaitwa Florence Page Kimball, na huyu mama Kimball ndo mwenye ule wosia ambao nimeuandika kwa chokaa nyuma ya mlango wa stoo tunakofanyia mazoezi. Alikuwa anamwambia imba kwa kutumia faida ya sauti yako, mtaji usiuguse. Sijui kwa Wamarekani ilikuwa na uzito gani ila kwa mtu aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha VICOBA maneno haya hayahitaji semina, kila mtu anamjua mama aliyekula mtaji wa vitumbua kwenye mchango wa harusi, Jumatatu hana hata ngano.

Sasa nieleze kidogo kwa nini kwenye opera hili si maneno ya mdomoni tu. Opera haina maiki. Chini pale mbele ya jukwaa wamekaa wapiga vyombo sitini sabini, tarumbeta, ngoma, violini, na ukumbi kama wa Metropolitan Opera wa New York unaingiza watu kama 3,800, na yule wa siti ya juu kabisa kule nyuma anatakiwa amsikie mwimbaji hata akiimba kwa sauti ya chini. Hawezi kushindana na tarumbeta kwa nguvu, atakufa. Anachofanya ni kuifundisha sauti ilie mahali ambapo vyombo havina nguvu, kwenye mawimbi ya kama 3,000 kwa sekunde, sikio letu hapo ni jepesi sana, kwa hiyo sauti inapenya badala ya kupiga kelele. Halafu zile nyuzi za sauti, ukiongea kawaida mwanamke zinagongana kama mara 200 kwa sekunde, sasa akienda do ya juu kabisa ya soprano, ile sauti ya kwanza, zinagongana zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde moja. Mara elfu! Ni nyama laini tu mle ndani, hakuna spea.

Nilipokabidhiwa kwaya ya pili, ya parokia nyingine (jina nakaa nalo), nilimkuta binti mmoja wa sauti ya kwanza, mtoto wa watu, sauti kama kengele. Na kwa sababu ni kengele kila mtu alikuwa anaipiga. Jumamosi harusi, tena ukumbini maiki zinakoroma inabidi upaze, Jumapili misa ya kwanza na ya pili, jioni jumuiya, katikati ya wiki studio mpaka usiku wa manane maana studio usiku ni bei rahisi. Solo zote zake. Nikamsikia anapoongea, si anapoimba, anapoongea, kuna mkwaruzo mwishoni mwa sentensi, asubuhi ndo kabisa. Nikamwambia mdogo wangu twende kwa daktari wa koo. Daktari kaingiza kile kimrija chenye kamera puani, akatugeuzia skrini tukaona wenyewe, kwenye kila uzi kuna kijinundu kidogo cheupe kama chembe ya mchele, vinatazamana, kwa hiyo nyuzi hazifungi vizuri, hewa inapita pembeni, ndo ule mkwaruzo. Akaambiwa anyamaze. Na kunong'ona hakuruhusiwi, daktari alisema kunong'ona kunaibana koo vibaya kuliko kuongea taratibu, hiyo nilikuwa siijui mtu mzima mimi.

Sasa muziki ukaanza kwenye kamati. Mwenyekiti akanifuata, "Mwalimu, Jumapili ya Kipaimara Askofu anakuja, binti si aimbe tu kidogo, shairi moja?" Nikamwambia mwenyekiti haiwezekani. Akasema "Mwalimu unatuangusha." Mama mlezi wa kwaya naye, mtu mzima nampa heshima yake, shikamoo ilipoitikiwa tu akaniuliza kama sauti ni karama ya Mungu mimi ni nani wa kuifungia kabatini. Nikamjibu mama, hata shamba alitoa Mungu lakini unalipumzisha. Hakufurahi. Askofu akaja, solo ikaimbwa na mdada mwingine ambaye hakuna aliyewahi kumpa nafasi, akaimba vizuri tu, kamati nzima wakajifanya hawakuwa na mashaka tangu mwanzo.

Pale ndo nilirudi kumsoma Leontyne kwa jicho lingine, nikaona kumbe maisha yake yote ya kazi ni historia ya kujua lini useme ndiyo na lini useme hapana, sifa zinakuja baadaye zenyewe.

Angalia. Mwaka 1952 kaanza na Porgy and Bess, opera ya Gershwin, wakazunguka Marekani wakaenda Vienna, Berlin, London, Paris, jina likaanza. 1955 televisheni ya NBC ikamweka aigize Tosca, opera ya Puccini, vituo kadhaa vya majimbo ya Kusini vikakataa kurusha kwa sababu mweusi kaigiza mpenzi wa mzungu. 1957 San Francisco, hapo mwimbaji wa Aida kaumwa kidole tumbo, Leontyne akaingia nafasi yake na tangu hapo Aida ikawa kama nguo yake. Aida kwa asiyejua ni opera ya Verdi, ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo 1871, binti mfalme wa Ethiopia aliyetekwa akafanywa mtumwa Misri. Mwaka 1958 akaimba Aida hiyo Vienna chini ya kondakta Karajan, na ukumbi wa Covent Garden London, 1960 ukumbi wa La Scala, Milano, huko ndo Makka ya opera wenyewe wanavyosema.

Katikati hapo, 1958, Metropolitan ya New York ikamwita. Met! Ukumbi ambao mpaka 1955 hakuna mweusi aliyewahi kupewa uhusika wa kuimba. Wakampa Aida, maonyesho mawili. Mtu wa kawaida angeruka ukuta. Yeye akakataa. Mshauri wake Peter Herman Adler, wa ile opera ya televisheni ya NBC, alimpa wazo kwamba huyu ni msanii mkubwa, siku akiingia Met aingie kama bibi mheshimiwa, asiingie kama mtumwa. Akaendelea zake Ulaya, anaimba, analipwa, sauti inakomaa.

Tarehe 27 Januari 1961 ndo akaingia, Leonora kwenye Il Trovatore ya Verdi, mwanamke wa tabaka la juu, usiku huo huo na mwimbaji Franco Corelli naye ndo mara yake ya kwanza pale. Makofi ya mwisho yanaandikwa kila mahali kuwa yalikwenda dakika 42. Mimi huwa nasema hata kama aliyekuwa anashika saa alizidisha robo bado ni makofi marefu kuliko mahubiri mengi. Ndani ya wiki chache akaimba nafasi tano tofauti pale, Machi yuko kwenye jalada la jarida la Time. Angeingia 1958 kwa maonyesho mawili ya kuonjesha nani angejali?

Na sasa ile hesabu ya Marian Anderson. Marian kazaliwa Februari 1897, Met walimfungulia mlango Januari 1955, akaimba Ulrica, mpiga ramli kwenye opera ya Verdi, ana miaka 57. Hamsini na saba, sauti imeshapita kilele chake, heshima ni kubwa lakini walimkaribisha sahani zikiwa zinaoshwa. Leontyne kazaliwa Februari 1927, opera ya mwisho kaimba pale pale Met Januari 1985. Piga hesabu. Miaka 57 vilevile. Umri ule ambao mmoja aliruhusiwa kuanza, mwingine alikuwa ameshamaliza, kwa hiari yake, mtaji uko kamili benki. Nikiona mahali watu wanaandika huyu wa kwanza, yule wa pili, natamani waandike na hii.

Msidhani yote yalikuwa asali lakini. Oktoba 1961 akapewa kufungua msimu wa Met, mweusi wa kwanza kufungua msimu, opera ya Puccini ya wachimba dhahabu kule Magharibi mwa Marekani, La fanciulla del West, nafasi nzito inambana mwimbaji katikati ya sauti na vyombo vinanguruma kama lori la mchanga kwenye mlima. Onyesho la pili sauti ikaanza kumkauka, kitendo cha pili, yaani sehemu ya pili ya opera, anakimaliza kwa kuongea maneno kwa nguvu badala ya kuimba. Mwimbaji wa akiba Dorothy Kirsten akaitwa akaimba kitendo cha tatu. Wewe fikiria upo mbele ya New York nzima, magazeti yamekupamba juzi, halafu sauti hiyo inaondoka. Akaenda kupumzika, hakujitutumua kwamba mi ndo wa kwanza lazima nimalize vita. Akarudi, na baadaye ile Fanciulla akaachana nayo kabisa. Wanakwaya wangu wa kiume hapa huwa hawanielewi, wao wakikwama wimbo wanapandisha sauti.

1966 tena, Met inahamia jengo jipya Lincoln Center, mtunzi Samuel Barber kamtungia yeye opera nzima, Antony and Cleopatra, kwa vipimo vya sauti yake kama fundi nguo. Mwongozaji Zeffirelli akajaza jukwaa ngamia, mbuzi, mapiramidi, meza ya kuzunguka ya jukwaa ikaharibika, na kwenye mazoezi ya mwisho Leontyne akafungiwa ndani ya piramidi halikufunguka. Yumo ndani, muziki unaendelea nje! Wachambuzi wakaiponda ile opera. Yeye alichofanya nakipenda sana, aliyaacha mapiramidi na ngamia huko huko akachukua vipande viwili vya Cleopatra akawa anaviimba kwenye matamasha miaka na miaka, kapokea kilichomfaa, takataka kawaachia wenyewe. Hata kwaya zetu zina nyimbo ambazo shairi moja ni dhahabu na mengine manne ni ya kujaza ukurasa, hakuna sheria ya kuimba yote matano.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 60 akapunguza opera, akaongeza matamasha ya yeye na mpiga piano tu. Kuna waliosema anaogopa, anaringa. Hili nalijua kwa ngozi yangu, ukiwa na sauti kidogo hapa mjini ukisema Jumamosi hii sipo, unajisikia, umepata mabwana. Kuna kamati ya harusi ilinitangaza kwenye kikao kizima kwamba mwalimu wa siku hizi anachagua harusi, nikasema ndiyo nachagua, na ile ya kuimba uwanjani saa tisa mchana karibu na jenereta sikuichagua.

Ile Aida ya tarehe 3 Januari 1985 ilirushwa moja kwa moja na televisheni na vipande vyake vipo, bando lako tu. Nimewakalisha wanakwaya wote kwenye mkeka, spika moja, tukaangalia kile kitendo cha tatu, usiku, kando ya Nile, Aida anaililia nchi yake kwamba haitaiona tena. Niliwaambia wasiangalie gauni waangalie mabega. Mabega hayapandi. Anavuta pumzi mbavu za chini zinafunguka kama mwamvuli na mabega yako pale pale, shingo haina mshipa hata mmoja uliotoka, na anaikaribia ile do ya juu ambayo ni ya hatari, watu wametoa roho zao pale, yeye anaipanda taratibu, haigongi, anaipanda. Mtu wa miaka 57. Si sauti ya 1961, na nikiwa mkweli chini kuna ukungu kidogo na sehemu nyingine anavuta noti toka chini kama anapanda ngazi na mzigo, mi mwalimu siwezi kujifanya sijasikia. Ila kule juu bado inang'aa.

Halafu makofi. Yanaanza hayaishi, dakika zinapita, na kwenye opera ukitoka kwenye uhusika ukainama kushukuru umeharibu, kwa hiyo yeye amesimama kama Aida, haondoki, kamera iko usoni, unaona kabisa Leontyne anataka kulia na Aida anamzuia. Binti wangu wa vinundu, alikuwa ameshapona na kuanza kuimba mistari mifupi, akaniuliza "Mwalimu, kwa nini anaacha na bado anaweza?" Jamaa wa sauti ya nne, yule yule wa ubishi, ndo akamjibu kabla yangu, "We unataka aache akiwa hawezi?"

Na hakunyamaza jumla. Aliacha opera akaendelea na matamasha mpaka 1997, ana miaka 70. Na 2001, baada ya yale mashambulizi ya Septemba kule New York, alitoka kwenye kustaafu akaimba ukumbi wa Carnegie Hall kwenye onyesho la kumbukumbu, miaka 74, aliimba wimbo wa kiroho na piano, halafu "God Bless America" bila chombo chochote. Tuzo zake mtajisomea, Grammy 13 za kushindania na nyingine ya heshima, nishani ya Rais wa Marekani ya 1964, mi hizo hazinisumbui sana. Kinachonisumbua ni mtu kuwa na sauti miaka 74 wakati waimbaji wetu wakubwa wa kwaya wakifika 40 wanahamishiwa kwenye kamati ya chakula.

Basi kwetu sa hivi tunaimba hivi, tunapasha kwanza kwa midomo kutetemeka kama pikipiki, watu wakipita nje wanacheka waache wacheke, wiki yenye mkesha hatuendi studio, na kila solo ina watu wawili walioisoma. Kei ikiwa juu naishusha, mtunzi akinuna tunaongea. Binti anaimba, solo moja kwa Jumapili, siku nyingine hana kabisa anakaa na wenzake anaimba sauti ya kwanza kama wengine, na anasoma, anataka ualimu wa muziki.

Kama unataka kumsikiliza Leontyne usianzie hiyo ya 1985 kama nilivyowafanyia wanakwaya, anzia Il Trovatore za miaka ya sitini, kile kitendo cha nne Leonora yuko nje ya mnara usiku, uone noti za juu alivyokuwa anazitoa bila jasho. Ukizoea nenda kwenye zile nyimbo fupi za watawa wa Ireland ambazo Barber alitunga na wakaziimba pamoja Washington 1953, Barber mwenyewe kwenye piano. Nyimbo za kiroho za weusi weka mwisho. Na tumia hedifoni, spika ya simu inamuua.